Seva moja, tovuti nyingi: kwa nini viungo hukatika tovuti inapohama folda

Mtu anakodi seva moja ndogo, anaweka tovuti ya duka lake. Baada ya muda shule ya jirani inaomba nafasi, halafu kwaya ya kanisani nayo inakuja. Ndivyo seva nyingi za wavuti zinavyojikuta zimebeba tovuti tatu, kumi au mia, zote kwenye anwani moja ya IP, ile namba inayotambulisha mashine kwenye mtandao. Kazi hiyo si ngumu. Kinachotesa watu ni pale tovuti iliyokuwa inafunguka vizuri jana inapohamishwa kutoka folda moja kwenda nyingine, na leo kurasa zinakuja tupu: maandishi yapo, picha na rangi hazipo, na ukibofya menyu unatupwa kwenye tovuti ya mtu mwingine.

Chanzo karibu kila mara ni kimoja. Tunachukulia kwamba anwani inayoonekana juu ya kivinjari na folda zilizo kwenye diski ya seva ni mpangilio uleule. Kumbe ni mipangilio miwili, na anayeiunganisha ni mistari michache ya usanidi, yaani maelekezo unayoiandikia seva. Kivinjari hakijui lolote kuhusu folda zako. Seva nayo haijui lolote kuhusu viungo ulivyoandika ndani ya kurasa zako. Yenyewe hupokea ombi, hutafuta faili, hujibu, basi.

Katika mifano nitatumia duka.example, shule.example na kwaya.example. Mwisho huo wa .example ulitengwa rasmi kwa ajili ya mifano mwaka 1999, kwa hiyo hakuna mwenye duka atakayeletewa wageni asiowatarajia.

Seva inajuaje unataka tovuti ipi

Katika HTTP (lugha ambayo kivinjari na seva huzungumza) ya mwanzo kabisa, ya mwaka 1991, ombi la kivinjari lilikuwa mstari mmoja: neno GET, kisha njia ya ukurasa. Kivinjari kilikuwa kimeshauliza DNS, huduma inayotafsiri jina la tovuti kuwa anwani ya IP, kikapewa anwani ya IP na kuunganishwa. Kuanzia hapo jina la tovuti halikutajwa tena. Seva ilisikia "nipe /index.html" bila kujua kama mgeni ameandika duka.example au shule.example. Aliyetaka tovuti mbili kwenye mashine moja, kila moja na jina lake safi, aliipa mashine hiyo anwani mbili za IP.

HTTP/1.1, iliyochapishwa Januari 1997 kama RFC 2068 (RFC ni hati za kanuni za intaneti), ilimaliza tatizo hilo kwa kulazimisha kila ombi libebe mstari unaoitwa Host:

GET /bidhaa/ HTTP/1.1
Host: duka.example

Ombi la HTTP/1.1 lisilo na mstari huo linastahili kukataliwa kwa kosa namba 400. Waliosoma shule za bweni wataelewa haraka: shule nzima ina S.L.P. moja, barua zote zinaangukia sanduku hilo hilo, na mwenye kuzigawa anatazama jina juu ya bahasha. Anwani ya IP ni S.L.P.; Host ni jina la mwanafunzi.

Faida yake si ndogo. Anwani za IPv4 ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima. Bohari kuu ya IANA, shirika linalosimamia anwani za dunia nzima, iligawa mafungu yake ya mwisho Februari 2011, na AFRINIC, shirika lenye makao Mauritius linaloigawia Afrika, limekuwa likitoa zilizobaki kwa kupima sana tangu 2020. Kila tovuti ndogo ya kijiji ingehitaji anwani yake, tungeshakwama zamani.

Upande wa seva, usanidi wa nginx, programu ya seva ya wavuti, kwa tovuti mbili unatosha kuwa hivi:

server {
    listen 80;
    server_name duka.example www.duka.example;
    root /srv/tovuti/duka;
}
server {
    listen 80;
    server_name shule.example www.shule.example;
    root /srv/tovuti/shule;
}

Apache, programu nyingine ya seva ya wavuti, inasema jambo hilo hilo kwa maneno mengine: VirtualHost, ServerName, ServerAlias, DocumentRoot. Mstari wa kuutazama kwa makini ni ule wa root. Ombi la /bidhaa/bei.html likija kwa jina la duka, seva inabandika njia hiyo mwishoni mwa /srv/tovuti/duka na kufungua faili /srv/tovuti/duka/bidhaa/bei.html. Mgeni haoni kamwe maneno "srv" wala "tovuti". Kesho ukihamishia folda nzima kwenye diski nyingine na kurekebisha mstari huo mmoja, hakuna kiungo hata kimoja kitakachojua kwamba kuna kilichobadilika.

Na barua isiyo na jina linalotambulika? Seva haiirudishi. Inaipeleka kwenye tovuti ya kwanza kwenye usanidi, au ile uliyoiwekea alama ya default_server kwa upande wa nginx. Kwenye Debian na Ubuntu, ambazo ni matoleo ya Linux, Apache husoma mafaili ya usanidi kwa mpangilio wa alfabeti, na ndiyo maana faili la tovuti ya kwanza linaitwa 000-default.conf: zile sifuri ni za kulitanguliza mbele ya wengine. Usipochagua mwenyewe, mtu akiandika IP yako, au akielekeza kikoa chake (jina la tovuti yake) kwenye seva yako kwa makusudi au kwa bahati mbaya, ataiona tovuti ya duka chini ya jina lisilo la duka. Mimi hupenda tovuti ya kwanza iwe tupu, isijibu chochote. Kwenye nginx, "return 444" hukata mawasiliano bila jibu.

Kufuli nalo likaleta mgogoro wake

HTTPS, yaani HTTP iliyofungwa kwa siri, ile yenye alama ya kufuli kwenye kivinjari, ilipoanza kutumika sana, ile bahasha ilifungwa kwa lakiri na jina likabaki ndani. Seva ilitakiwa kuonyesha cheti kabla ya kusoma Host, na cheti kina jina la tovuti. Ionyeshe cha nani? Suluhisho liitwalo SNI, lililowekwa kwenye RFC 3546 mwaka 2003, linakifanya kivinjari kitaje jina la tovuti mwanzoni kabisa mwa mazungumzo, kabla ya kufunga lakiri. Lakini Internet Explorer kwenye Windows XP haikuwahi kuitumia SNI, na kwa kuwa XP iliishi hadi Aprili 2014 ikipata huduma, kwa miaka mingi kampuni za kuhifadhi tovuti ziliendelea kuuza IP ya peke yake kwa kila aliyetaka kufuli. Siku hizi hakuna haja. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt, vilivyofunguliwa kwa umma Desemba 2015, vimefanya tovuti mia kwenye IP moja, kila moja na cheti chake, kuwa jambo la kawaida.

Kosa linalojirudia ni kuisanidi shule.example kwenye poti 80, inayopokea maombi ya http, na kuisahau poti 443 ya https. Mgeni wa https://shule.example anapokelewa na tovuti ya kwanza iliyopo kwenye 443, yaani duka, na kivinjari kinampigia kelele kwamba cheti si cha jina hilo. Watu hukimbilia kuomba cheti kipya wakati cheti hakina kosa. Kinachokosekana ni bloku ya usanidi.

Kivinjari hupiga hesabu, seva hupokea jibu

Sasa twende kwenye viungo. Kiungo kamili kinataja kila kitu: https://duka.example/picha/nembo.png. Kiungo tegemezi kinaacha sehemu, na kivinjari ndicho kinachojaza kwa kutazama anwani ya ukurasa uliofunguliwa. Kanuni zake ziliandikwa kwenye RFC 1808 mwaka 1995 na kukamilishwa kwenye RFC 3986 ya 2005, lakini kwa matumizi ya kila siku zinatoshea kwenye sentensi moja: kivinjari kinachukua anwani ya ukurasa, kinafuta kila kilicho baada ya mkwaju (/) wa mwisho, kisha kinabandika kiungo.

Chukua ukurasa https://duka.example/bidhaa/kanga/bei.html. Kiungo "picha/nyekundu.jpg" ndani yake kinakuwa https://duka.example/bidhaa/kanga/picha/nyekundu.jpg. Kiungo "../vitenge/" kinapanda ngazi moja na kuwa https://duka.example/bidhaa/vitenge/. Kikianza na mkwaju, kama "/picha/nembo.png", kivinjari kinaacha njia yote na kurudi kwenye mzizi wa tovuti: https://duka.example/picha/nembo.png. Kikianza na mikwaju miwili, kinabakiza https peke yake na kwenda kwenye jina jingine kabisa. Mtindo huo ulipendwa enzi za mseto wa http na https, leo sioni sababu ya kuuandika.

Angalia sasa jambo hili. Kwenye diski, folda za duka na shule ni majirani, zote ndani ya /srv/tovuti. Anayefikiria kwa folda ataandika kwenye ukurasa wa kwanza wa duka kiungo "../shule/ratiba.html", akiamini kitapanda ngazi moja na kushuka upande wa shule. Kivinjari kitajaribu kupanda, kitakuta kimeshafika juu kabisa ya duka.example, na kitaomba https://duka.example/shule/ratiba.html. Jibu: 404, yaani ukurasa haupatikani. Hata ukiandika nukta mbili mara kumi hutoki nje ya jina la tovuti. Kutoka tovuti moja kwenda nyingine kunahitaji kiungo kamili, hata kama zinalala kwenye diski moja.

Mkwaju wa mwisho wa anwani ndio unaostahili uangalifu kuliko yote. Linganisha https://duka.example/bidhaa/kanga na https://duka.example/bidhaa/kanga/. Kwa macho ya mtu ni kitu kimoja. Kwa kivinjari, kwenye ya kwanza "kanga" ni jina la ukurasa na litafutwa, kiungo "bei.html" kitakwenda /bidhaa/bei.html. Kwenye ya pili "kanga" ni ngazi, inabaki. Kiungo kile kile kitakwenda /bidhaa/kanga/bei.html. Ikiwa kanga ni folda halisi, Apache na nginx hugundua upungufu huo na kumwelekeza mgeni kwa jibu la 301 (anwani imehama) kwenye anwani yenye mkwaju, kimya kimya, wala hutaona tofauti. Lakini ikiwa kurasa zinatengenezwa na programu na hakuna folda yoyote ya jina hilo, seva haina cha kugundua. Programu nyingi hujibu anwani zote mbili kwa ukurasa ule ule, na hapo ndipo unapopata malalamiko ya ajabu: mteja mmoja anaona picha, mwingine haoni, na wote wanaapa wako ukurasa mmoja. Amua umbo moja la anwani, na mwenye kuja kwa umbo jingine aelekezwe huko.

Kuna pia mtego wa mafaili ya mitindo (CSS), yanayopanga rangi na mwonekano wa kurasa. Kiungo kilichoandikwa ndani ya faili la CSS huhesabiwa kuanzia anwani ya faili hilo la CSS, na si ya ukurasa unaolitumia. Faili likiwa /mitindo/kuu.css na ndani yake kuna url(../picha/pazia.jpg), picha itatafutwa /picha/pazia.jpg popote pale ukurasa ulipo. JavaScript, yaani programu zinazoendeshwa ndani ya kivinjari, ni kinyume: ombi la fetch lenye njia tegemezi huhesabiwa kuanzia ukurasa.

Tovuti moja yenye milango mitatu

Matatizo makubwa huanza mambo hayo mawili, jina la tovuti na hesabu ya kivinjari, yanapokutana. Kwenye vifurushi vya kawaida vya cPanel, paneli ya kusimamia tovuti kwenye seva, tovuti kuu hukaa public_html, na kwa miaka mingi kikoa cha ziada kimekuwa kikiwekewa folda ndani ya public_html hiyo hiyo. Tuseme tovuti kuu ni shule.example na kikoa cha ziada ni duka.example. Folda ya duka sasa ina milango mitatu: https://duka.example/, kisha https://duka.shule.example/ kwa kuwa paneli huunda kikoa kidogo cha namna hiyo, na tena https://shule.example/duka.example/ kwa kuwa folda imo ndani ya mzizi wa shule.

Kwenye milango miwili ya kwanza kiungo "/picha/nembo.png" kinafika. Kwenye wa tatu kinaomba https://shule.example/picha/nembo.png, yaani nembo ya duka inatafutwa kwenye makabati ya shule. Usiombe faili la jina hilo liwepo huko, maana basi duka litafunguka likiwa na nembo ya shule. Fundi aliyeikagua kazi yake kwa mlango wa tatu, kwa sababu kikoa cha mteja kilikuwa bado hakijalipiwa, atasema viungo vya mkwaju ni vibovu na kuvibadilisha vyote. Mwingine aliyekagua kwa mlango wa kwanza atasema hakuna tatizo. Wote wawili wanasema kweli.

Jambo hilo hilo ndilo linalomkuta anayefungua ukurasa kwa kubofya faili mara mbili kwenye laptopu yake. Anwani inaanza na file:///, na kiungo cha mkwaju kinakwenda kwenye mzizi wa diski yenyewe. (Na kama picha zilionekana kwenye Windows zikapotea kwenye seva ya Linux, kabla ya kulaumu viungo tazama herufi kubwa na ndogo: Nembo.PNG na nembo.png ni kitu kimoja kule, ni vitu viwili huku.)

Ufanye nini, basi? Njia ya kwanza ni kuandika viungo vyote vya tovuti bila mkwaju wa mwanzo, ili ifanye kazi popote inapopachikwa. Kwa tovuti ya kurasa tano ni sawa. Ikikua ikawa na ngazi nyingi, utajikuta ukihesabu "../../" kwenye kila ukurasa na menyu moja haiwezi kutumika kote. Njia ya pili ni alama ya base kwenye kichwa cha ukurasa, inayokiambia kivinjari kianzie hesabu mahali unapotaka. Inafanya kazi, ila ina tabia moja mbaya: viungo vya ndani ya ukurasa kama "#juu" navyo huhesabiwa kutoka kwenye base, kwa hiyo badala ya kupanda juu ya ukurasa mgeni anapelekwa ukurasa mwingine. Nimeiona ikizua matatizo mengi kuliko iliyoyatatua.

Ninayoipendekeza mimi ni ya tatu: usiiweke tovuti ndani ya tovuti. Kila tovuti ipewe jina lake na mzizi wake tangu siku ya kwanza, hata ya majaribio. Badala ya shule.example/duka-jaribio/, tengeneza jaribio.duka.example, kikoa kidogo hakiongezi gharama, na ukiwa na rekodi ya DNS yenye nyota, kila jina jipya linafika kwenye seva bila kugusa DNS tena. Ukifanya hivyo, viungo vinavyoanza na mkwaju vinakuwa salama kila mahali na husomeka vizuri. Zipo sababu za usalama pia. Kivinjari hutenganisha tovuti kwa itifaki, jina na poti, wala hakijali folda. Duka na shule zikiwa folda mbili chini ya jina moja, hati ya JavaScript ya upande mmoja inaweza kusoma kilichohifadhiwa na upande mwingine kwenye kivinjari cha mgeni. Wateja wawili wasiojuana hawapaswi kuishi hivyo.

WordPress ina hadithi yake

Ushauri wote huo wa viungo tegemezi haumsaidii sana mwenye WordPress, programu ya kutengeneza na kuendesha tovuti, kwa sababu WordPress huhifadhi anwani kamili. Anwani ya tovuti imo kwenye jedwali la wp_options, kwenye mistari ya siteurl na home, na kila picha uliyoweka kwenye makala imeandikwa kwa anwani nzima ndani ya hifadhidata. Ukihamisha tovuti bila kugusa hifadhidata, mlango mpya utafunguka na kukurudisha mlango wa zamani.

Wengi hufungua nakala ya hifadhidata kwenye kihariri cha maandishi na kubadilisha http kuwa https kila mahali. Hapo wanavunja kitu wasichokiona. Baadhi ya mipangilio huhifadhiwa kwa mtindo wa PHP, lugha iliyotumika kuandika WordPress, unaotaja urefu wa neno kabla ya neno lenyewe, hivi:

s:20:"http://duka.example/"

Ile 20 ni hesabu ya herufi. Ukiongeza s moja, herufi zinakuwa 21 lakini namba inabaki 20. PHP ikisoma inakuta hesabu haiendani na inautupa mpangilio wote. Ndiyo maana baada ya kuhama, wijeti hupotea na mandhari husahau rangi zake. Amri ya "wp search-replace" ya WP-CLI, zana ya kusimamia WordPress kwa amri za maandishi, hurekebisha neno pamoja na hesabu yake, na ukiongeza --dry-run inakuonyesha kwanza itagusa sehemu ngapi.

Hali ya kufanana hutokea ukiweka nginx mbele ya programu nyingine na kuipa programu hiyo njia kama /hesabu/. Ikiwa nginx inaondoa /hesabu/ kabla ya kupeleka ombi ndani, programu inaamini iko kwenye mzizi na inaandika viungo "/ingia" badala ya "/hesabu/ingia". Nginx na Apache zinaweza kurekebisha anwani iliyo kwenye jibu la kuelekeza mgeni kwingine, lakini haziingii ndani ya HTML na kubadilisha viungo zisipoagizwa kwa moduli ya ziada. Programu yenyewe ndiyo iambiwe njia yake ya mbele; nyingi zina mpangilio wa kufanya hivyo. Isipokuwa nao, ipe jina lake.

Kukagua kabla DNS haijahama

Huna haja ya mlango wa tatu ili kuikagua tovuti ambayo kikoa chake bado kinaelekezwa kwenye seva ya zamani. Ukiwa na curl, zana ya kutuma maombi ya wavuti kwa amri, amri hii inapeleka ombi kwenye seva mpya kwa jina sahihi, kufuli likiwemo (198.51.100.7 ni IP ya mfano, weka ya kwako):

curl --resolve duka.example:443:198.51.100.7 https://duka.example/

Kwa kuikagua kwa macho, ongeza mstari kwenye faili la hosts la kompyuta yako (kompyuta hulitazama kabla ya kuuliza DNS), ambalo kwenye Linux na Mac ni /etc/hosts na kwenye Windows limo ndani ya System32\drivers\etc:

198.51.100.7 duka.example www.duka.example

Kivinjari chako sasa kinakwenda seva mpya kwa jina halisi, kinatuma Host halisi, na kila kiungo kinahesabiwa kama kitakavyohesabiwa kwa wateja. Fungua kurasa chache za ngazi ya chini, siyo ule wa kwanza peke yake, na uangalie kichupo cha mtandao kwenye zana za kivinjari kama kuna 404 au ombi linalokwenda jina lisilo lake. Mambo yakikaa sawa, hamisha DNS, kisha ufute mstari ule kwenye hosts. Ukiusahau, siku seva itakapobadilishwa tena wewe peke yako ndiye utakayekuwa ukiliona duka la zamani.